Maswali ya Wasomaji: Ni Sam Yupi Aliye Sam?

Katika toleo lililopita niligusia filamu ya "Moon", iliyoongozwa na Mwingereza Duncan Jones na kutolewa mwaka 2009, nami nikajizuia kusimulia siri yake. Barua zilizoletwa zinaonyesha kwamba wengi wenu mmeshaitazama, kwa hiyo kujizuia hakuna faida tena. Asiyeiona bado na anayependa kushtushwa aiweke safu hii kando kwanza.

Kwa ufupi, Sam Bell ni mfanyakazi wa pekee katika kituo cha uchimbaji cha kampuni moja kilichojengwa upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani. Mkataba wake ni wa miaka mitatu, zimebaki wiki mbili arudi kwa mke wake Tess na binti yao Eve, na mwenzake wa kuzungumza naye ni GERTY, mtambo wenye sauti tulivu ya mwigizaji Kevin Spacey na kioo kidogo kinachoonyesha kikatuni cha uso. Sam anapata ajali akiwa nje. Anazinduka akiwa kitandani katika chumba cha matibabu, anamlaghai GERTY ili atoke, anakwenda hadi mahali pa ajali, na ndani ya gari lililopondeka anamkuta mtu aliye mahututi ambaye ni yeye mwenyewe. Baadaye tunafahamu kwamba wote wawili ni nakala zilizotengenezwa kutokana na mwili wa Sam Bell wa kwanza, na kwamba huyo wa kwanza yuko zake duniani.

Nimeitazama mara mbili na wenzangu wa bwenini, nasi tumegawanyika. Wengi wanasema Sam halisi ni yule aliyeko duniani na hawa wengine ni vivuli vyake, kwa kuwa hata kumbukumbu zao za mke na mtoto zimepandikizwa. Mwandishi unasemaje? — Mwanafunzi, Morogoro

Ubishi wenu ni wa zamani kuliko sinema yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 17 mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke alitoa mfano wa mwana wa mfalme ambaye fahamu zake, pamoja na kumbukumbu zote za maisha ya ikulu, zinahamia katika mwili wa fundi viatu. Majirani wangemwona fundi yule yule waliyemzoea, lakini Locke alishikilia kwamba nafsi iliyomo ni ya mwana wa mfalme, maana nafsi huifuata kumbukumbu, haiufuati mwili. Kipimo hicho hufanya kazi vizuri pale ambapo kumbukumbu ni moja na mwenye nayo ni mmoja. Filamu hii inakivuruga kwa kuwapa watu wengi kumbukumbu ile ile, kwani chini ya kituo limefichwa ghala lenye mamia ya miili iliyolala ikingoja zamu, na kila mmoja akiamshwa ataikumbuka harusi ile ile, na ile miezi sita ambayo Tess aliihama nyumba kwa sababu ya hasira za mumewe. Ukimfuata Locke, wote hao ni Sam. Ukiwafuata wenzako, Sam ni yule wa kwanza peke yake, kwa kuwa ndiye aliyeyapitia mambo hayo kwa mwili wake.

Mimi naona kwamba pande zote mbili zinatazama nyuma mno, zikiuliza kumbukumbu zimetoka wapi na kusahau kilichotokea tangu mtu huyo alipofumbua macho. Mtazameni Sam mkubwa, yule aliyekaribia kumaliza miaka yake mitatu, akichonga mji mdogo wa mbao mezani kwake. Anasema ametumia saa 938 katika kazi hiyo, kisha anaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba hakumbuki kuchonga kanisa wala baadhi ya watu, ingawa bila shaka ni yeye aliyewachonga. Hakuwachonga yeye. Walichongwa na Sam waliomtangulia, ambao hakupata hata kujua kuwa waliishi. Hilo ndilo tukio ninalolipenda kuliko yote katika filamu nzima, na mwongozaji amelipitisha bila muziki wa kutusisitizia. Katika mji ule mtaona mambo mawili kwa pamoja: urithi ambao mrithi wake haujui, na saa 938 ambazo hakuna aliyempandikizia mtu huyu. Uvumilivu wa kukaa na kisu na kipande cha mbao aliupata mwenyewe, hapo hapo kituoni.

Yule mpya hana uvumilivu huo. Ameamka na hasira zile zile ambazo Sam wa kwanza alipanda nazo Mwezini, anafoka, anautia mji mikononi na kuuharibu, na wawili hao wanapigana hadi damu zinamwagika. Angalieni uso wake baada ya ugomvi. Hakuwahi kujua jinsi hasira zake zinavyoonekana kwa mtu wa pili hadi alipokutana na nafsi yake iliyokwisha kuachana nazo. Hapa ndipo upweke na utambulisho vinapokutana katika hadithi hii. Mtu aliyefungiwa peke yake hukosa wenzake, na pamoja nao hukosa pia macho ya kumwambia yeye ni nani. Wahenga wetu waliposema kwamba mtu ni watu, sidhani walifikiria hali ambayo watu hao wote wana sura moja, lakini msemo wao unafaa hata humo.

Jibu langu kwa bweni lenu, basi, ni kwamba yule mkubwa ni mtu kamili, yule mpya ni mtu kamili, na yule wa duniani vilevile, na kwamba miaka mitatu imewatenganisha kiasi kwamba jina moja haliwatoshi tena. Ninalomlaumu mwongozaji ni Sam wa tatu, ambaye wenzake wanamwamsha kwa mpango wa kumtumia kama maiti ya kuwadanganya waokoaji. Mpango huo unavunjika pale mkubwa anapotambua kwamba hawataweza kuua, naye anajitolea kurudi mwenyewe katika gari lililopondeka akafie humo. Ni uamuzi mzito, lakini huyo wa tatu ambaye maisha yake yaliwekwa mezani tunamwona kwa muda mfupi mno.

Je, ni kweli kwamba mwigizaji ni mmoja? Mume wangu anabisha kwamba ni mapacha. — Mama wa watoto watatu, Kisumu

Mwambie mzee kwamba ni mmoja, Sam Rockwell, na kwamba Jones aliibuni hadithi hii akimfikiria yeye. Walitumia kamera inayoongozwa na kompyuta, yenye uwezo wa kurudia mwendo ule ule bila kukosea, ili Rockwell aigize upande mmoja, akabadilishe mavazi na vipodozi, kisha arudi kuigiza upande wa pili, huku mwigizaji mbadala akisimama mahali pa yule asiyekuwepo ili macho yapate pa kutazama. Kazi yote ilifanyika kwa siku 33 katika studio za Shepperton, nje ya London, kwa bajeti inayotajwa kuwa takriban dola milioni 5, kiasi ambacho ni kidogo sana kwa filamu ya anga za juu. Ndiyo maana magari na mitambo mnayoiona ikitambaa juu ya vumbi la Mwezi ni vielelezo vidogo vilivyojengwa kwa mikono, vikaongezewa ufundi wa kompyuta baadaye. Jones alitunukiwa BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ya mwaka 2010 kwa kazi yake hiyo ya kwanza.

Ubishi wa mumeo, hata hivyo, ni sifa kwa mwigizaji. Kamera inaweza kumweka mtu mara mbili katika chumba kimoja, lakini haiwezi kumfanya mmoja atembee kama aliyechoka na mwingine kama aliyetoka jeshini jana.

Ninafundisha fizikia. Wanafunzi wananiuliza kama heliamu-3 inayochimbwa katika filamu ni kitu cha kweli. — Mwalimu, Eldoret

Ni ya kweli, Mwalimu; ni aina nyepesi ya gesi ya heliamu. Upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka kwenye Jua, huibeba na kuipandikiza katika vumbi la Mwezi, ambao hauna angahewa wala uga wa sumaku wa kuukinga kama ilivyo duniani, na sampuli zilizoletwa na wanaanga wa Apollo, mpango wa Marekani wa safari za Mwezini, zilithibitisha kwamba imo, ijapokuwa kwa kiwango kidogo sana, sehemu chache katika kila sehemu bilioni moja za vumbi. Harrison Schmitt, mwanajiolojia aliyetua Mwezini mwezi Desemba 1972 kwa Apollo 17, amekuwa mmoja wa watetezi wakubwa wa wazo la kuichimba iwe mafuta ya kuzalisha umeme. Kikwazo ni kwamba mtambo wa kuzalisha umeme kwa kuunganisha viini vya atomi bado haujaingia katika matumizi ya kibiashara, na kwa heliamu-3 joto linalohitajika ni kubwa zaidi kuliko kwa mafuta mengine ya aina hiyo.

Wanafunzi wako wakitaka kosa la kisayansi, waulize kwa nini Sam anatembea ndani ya kituo kama mtu aliye Eldoret, ilhali mvutano wa Mwezi ni moja ya sita tu ya ule wa Dunia.

Mimi ni mlinzi wa ghala hapa Muscat, kwa mkataba wa miaka miwili. Mke wangu hunitumia sauti kwenye simu wakati niko lindoni, nami humjibu akiwa amelala, kwa hiyo tunaishi kwa rekodi. Nilipomwona Sam akitazama ujumbe wa Tess nilizima, nikaja kuimalizia baada ya wiki. Swali langu ni moja: ilikuwaje asigundue mapema? Miaka mitatu si michache. — Msomaji, Muscat

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara kadhaa, na nimeiweka mwisho ili niijibu kwa nafasi.

Hakugundua kwa sababu uongo aliopewa ulikuwa na akili. Aliambiwa kwamba setilaiti ya mawasiliano imeharibika, kwa hiyo mazungumzo ya moja kwa moja hayawezekani, na kwamba jumbe za kurekodiwa zitamfikia kwa njia ya mzunguko. Mtu aliye upande ule wa Mwezi hana sababu ya kulikataa jambo hilo, maana Mwezi wenyewe huzuia mawimbi ya redio. China ilipotaka kukitua chombo cha Chang'e 4 upande huo mwezi Januari 2019, ilibidi kwanza, mwaka 2018, ipeleke setilaiti ya Queqiao ya kupokezana mawasiliano. Sababu iliyotolewa na kampuni ya kwenye filamu ilikuwa ya kweli kisayansi na ya uongo kimatumizi, kwani mawasiliano yalikuwepo, GERTY alikuwa akizungumza na wakubwa wake, na minara iliyozunguka kituo ilikuwa imesimikwa kwa kazi moja tu ya kumziba Sam masikio.

Linganisha na Michael Collins, aliyebaki peke yake katika chombo cha Apollo 11 mwezi Julai 1969 wenzake wawili waliposhuka. Kila alipopita nyuma ya Mwezi alikatika na wanadamu wote kwa takriban dakika 48, lakini baadaye aliandika kwamba hakujiona mpweke. Umbali wake na wa Sam ni ule ule. Tofauti ni kwamba Collins alijua saa ambayo Houston, waongozaji wa safari waliokuwa duniani, wangemsikia tena, na Houston nao walikuwa wakiihesabu.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Kampuni ile iliuchukua ukweli huo ikaufanya mbinu ya biashara: ilimweka mtu mahali ambapo hawezi kuwepo kwa yeyote, ikamlisha matumaini ya kurudi, na siku ya kurudi ilipofika alilala ndani ya chombo cha safari akiamini anakwenda nyumbani, kumbe ni tanuri. Mwili wake wenyewe ulikuwa umetengenezwa uchakae baada ya miaka mitatu. Sam mkubwa anaupata ukweli kwa kufanya jambo moja tu: analiendesha gari hadi nje ya duara la minara na kupiga simu nyumbani. Anayepokea ni Eve, binti wa miaka 15, wakati yeye anamkumbuka kama mtoto mchanga. Tess amekwisha kufariki miaka kadhaa nyuma. Kisha inasikika sauti ya mwanamume ndani ya nyumba ikiuliza ni nani anayeuliza habari za Tess, na sauti hiyo ni yake.

Jumbe alizokuwa akizitazama, kwa hiyo, zilikuwa za mwanamke aliyekwisha kuzikwa, zikionyeshwa upya kwa kila nakala. Hapo ndipo ninapotaka utulie, ndugu yangu. Rekodi zako na za mama watoto zinajibizana. Ukimuuliza kuhusu paa, kesho utaambiwa mabati yamefika au hayajafika, na akikukasirikia atakukasirikia kwa jambo la juzi. Tess hakuweza kumkasirikia Sam huyu kwa lolote, kwa sababu hakuwahi kusikia neno lake hata moja. Kuchelewa kwa jibu na kutokuwepo kwa jibu ni vitu viwili tofauti, hata kama saa tatu za usiku lindoni vinafanana.

Ulimalizia filamu, basi utakuwa umezisikia sauti za mwisho. Sam mpya amejificha ndani ya chombo cha mizigo ya heliamu na anakaribia duniani, na watangazaji wanasema kwamba nakala imetoa ushahidi dhidi ya kampuni. Halafu mmoja wao anadakia kwamba huyo ama ni kichaa ama ni mhamiaji haramu, na vyovyote vile afungwe. Nilipoitazama kwa mara ya kwanza nilikuwa na marafiki, tukacheka. Sauti hiyo haizidi sekunde chache, juu ya picha ya chombo kikiingia katika angahewa, na mara majina ya waigizaji yanaanza kupita.