Kabla ya kuchora mchemraba ubaoni, pitia dukani ununue mche wa sabuni

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha hisabati darasa la saba, niliandika ubaoni kwa herufi kubwa MAUMBO YA PANDE TATU, nikawaambia wanafunzi kila mmoja achore umbo moja la aina hiyo analolijua. Nikapita katikati ya madawati kukagua. Pembetatu. Pembetatu. Pembetatu. Wachache waliojituma walichora pembetatu mraba na kuiwekea alama ya nyuzi 90 kwenye kona. Darasa zima, watoto 62, hapakuwa na boksi hata moja.

Nilitaka kufoka, kisha nikasoma tena nilichoandika. Kwa Kiswahili chao na changu, umbo lenye pande tatu ni pembetatu. Walikuwa sahihi. Tangu siku ile nasema "maumbo ya vipimo vitatu", na dakika tano za mwanzo nauliza tu: ukitaka kununua kamba unatoa vipimo vingapi? Kimoja, urefu. Mkeka? Viwili. Na fundi akija kuchimba shimo la choo? Hapo wanacheka, na wakishacheka hawasahau: urefu, upana na kina.

Nimefundisha mada hii mara nyingi tangu hapo, darasa la sita na la saba, baadaye kidato cha kwanza na cha pili. Ushauri wangu kwako mwalimu mwenzangu, au mzazi unayemsaidia mtoto nyumbani, ni wa mpangilio tu: mtoto ashike, akate, akunjue, ndipo achore, na kanuni zije mwisho. Wengi wetu tunaanzia kwenye mchoro, tunarukia kanuni, tunamalizia na maswali kumi. Anayefaulu hapo ni yule aliyejaliwa kuona boksi kwenye mistari. Wengine wanakariri.

Aliyenifungua macho kuhusu mchoro ni mvulana wa dawati la nyuma. Nilichora mchemraba ubaoni kama tunavyouchora wote: mraba wa mbele, mraba wa nyuma umesogezwa juu kidogo na kulia, mistari minne ya kuunganisha. Nikasema kwa kujiamini kwamba kila pembe ya kila uso ni nyuzi 90. Yeye akatoa kipimapembe kwenye mkebe wake, akapima uso wa juu kwenye daftari lake, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hii hapa ni 45." Akapima ya pili. "Na hii ni 135."

Hakuwa mkaidi. Tulikuwa tumemfundisha kwamba pembe haikisiwi, inapimwa, naye alipima. Mchoro wa boksi kwenye karatasi bapa ni makubaliano ya watu, kama alfabeti. Mraba wa juu tunauchora umelala, mstari uliojificha tunaukatakata, na msomaji anajua asiyaamini macho. Mtoto ambaye hajashika boksi la kutosha hana sababu ya kukubali makubaliano hayo. Kwa hiyo sasa mchoro kwangu ni kipindi cha tatu au cha nne, na naufundisha kama mwandiko: boksi la chaki liko mezani, kila mmoja anachora anavyoliona kutoka alipokaa, halafu tunalinganisha. Wa mbele kushoto na wa nyuma kulia wana michoro miwili tofauti ya kitu kimoja, na mabishano yanayofuata yana faida kuliko maelezo yangu.

Sasa sabuni.

Neno mche wanalifahamu kabla hujafungua kitabu. Wametumwa dukani kwa Mangi kununua mche wa sabuni ya kufulia, au kipande tu kama hela haitoshi, na wameona jinsi mche unavyokatwa. Kitabu kinasema mche mstatili, mche duara, mche pembetatu, kana kwamba ni majina ya kukariri. Nunua mche mmoja. Waulize: Mangi akikata hapa, uso uliokatwa una umbo gani? Akikata pale? Akikata karibu na mwisho? Uleule, na ukubwa uleule, ilimradi kisu hakikupinda. Hiyo ndiyo maana ya mche, wala hawahitaji sentensi ya kitabu.

Kisha toa kipande cha muwa. Kata wima, unapata duara. Kata kwa kuinamisha kisu, unapata duaradufu, nao wanashangaa maana ni muwa uleule. Halafu karoti: kila ukikata duara linapungua, kwa hiyo karoti si mche. Ukifika hapo ujazo umeshajifundisha nusu. Kama kila kipande kina uso uleule, basi ujazo ni eneo la uso huo mara urefu. Kanuni moja kwa miche yote. Nimeona madaftari yenye kanuni tatu zilizopigiwa mistari mitatu ya rangi tatu, na mwenye daftari hajui kwamba ni kitu kimoja.

Usalama kidogo: kisu ashike mwalimu. Watoto wakate sabuni kwa uzi wa mshipi uliovutwa kwa mikono miwili, unapita vizuri kabisa. Na asiguse mtu macho.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni hili. Chonga kipande cha sabuni kiwe mchemraba, paka nje yote rangi ya chakula, iache ikauke, kisha kata mara mbili kila upande, upate vipande 27. Uliza: vyenye rangi nyuso tatu vingapi? Vyenye mbili? Kimoja? Visivyo na rangi kabisa? Wanahesabu: 8, 12, 6, 1. Jumla 27. Nyamaza hapo. Usiseme kitu. Mwaka mmoja nilisubiri karibu dakika nzima, darasa limetulia, ndipo binti mmoja akasema polepole, "Nane ni vipeo." Mwingine akadakia, "Kumi na mbili ni kingo!" Sita ni nyuso, na kile kimoja kilikuwa katikati, hakijawahi kuona jua. Tangu siku hiyo sijawahi kuona mtoto wa darasa lile akichanganya ukingo, mstari ambapo nyuso mbili hukutana, na kipeo, ncha ya kona.

Majina ya sehemu nayo yana mambo yake. Ukitaja kitako watacheka; waache wacheke, mwendelee. Umbo liitwalo pia, yaani koni, ni ileile pia wanayoichezea, ichonge au iazime. Tufe wanalijua kwenye michezo. Tatizo linakuja kidato cha kwanza, maneno haya yote yanapogeuka Kiingereza kwa mkupuo, na mtoto aliyeelewa vizuri anaonekana hajui kitu. Mimi nabandika bango ukutani lenye kitu chenyewe kimegundishwa, kopo, boksi la kiberiti, kofia ya karatasi, na chini yake majina mawili. Kitu kinabaki palepale, lugha ndiyo inayobadilika.

Kwa vijiti vya meno na udongo wa mfinyanzi wanaweza kujenga mifupa ya maumbo: udongo ni kipeo, kijiti ni ukingo. Watagundua kwamba mchemraba wa vijiti unayumba na piramidi ya pembetatu imesimama imara, na mtoto wa fundi atakwambia ndiyo maana kenchi za paa zina pembetatu. Hapo ndipo ninapowapa jambo ambalo Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alimwandikia rafiki yake Goldbach mwaka 1750: vipeo ongeza nyuso toa kingo, jibu ni 2. Mchemraba: 8 + 6 − 12. Piramidi yenye kitako cha mraba: 5 + 5 − 8. Mche pembetatu: 6 + 5 − 9. Waambie wajaribu kuivunja. Siku moja mtoto aliniletea kopo: nyuso 3, kingo 2, vipeo sifuri, jibu 1. Nilimpongeza mbele ya wenzake kabla ya kueleza kwamba kanuni hii ni ya maumbo yenye nyuso bapa na kingo zilizonyooka, yasiyo na tundu. Ukimkemea mtoto kama huyo, hakuna atakayejaribu tena.

Kukunjua maboksi sitakaa sana. Boksi la dawa ya meno likichanwa kwenye kingo linajieleza. Kwa mchemraba, waambie watafute njia zote za kuukunjua. Ziko 11, na wengi wanadhani ni ule msalaba tu.

Nikueleze nilivyoaibika kwenye pia. Nilitaka kuonyesha kwamba pia hujaza mche duara mara tatu kamili. Nikatengeneza vyote kwa manila, kitako sawa, kimo sawa, au ndivyo nilivyodhani. Tukamimina mchele. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kopo bado lina nafasi. Darasa likanitazama. Nilichokosea ni kwamba nilipima ubavu wa pia, ule uliolala, nikauita kimo. Kimo halisi kilikuwa kifupi zaidi. Jioni nilikaa na kanuni ya Pythagoras, ile ya pande za pembetatu mraba, na tangu hapo natumia vipimo hivi, nakupa bure. Mche duara: manila ya sentimita 12 kwa 31.4, ikunje iwe na nusu kipenyo cha 5, ongeza kidogo pa kugundishia. Pia: chora duara la nusu kipenyo 13, kata kipande chenye pembe ya nyuzi 138, ukiacha mkia mdogo wa gundi. Ubavu ni 13, nusu kipenyo 5, kimo 12, kwa sababu 5, 12 na 13 hufanya pembetatu mraba. Mchele utajaa mara tatu, na gundisha vizuri ncha ya chini maana huvuja. Siku hizi naanza makusudi na ile pia yenye kosa, nawaachia wao wanitafutie tatizo.

Miaka ya baadaye nilikuja kusoma kuhusu walimu wawili wa Uholanzi, mume na mke, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, ambao mwaka 1957 waliandika kwamba jiometri ina ngazi, na mwalimu akiongea kutoka ngazi ya juu na mwanafunzi akisikiliza kutoka ya chini, hawaelewani hata wakitumia maneno yaleyale. Nilimkumbuka mvulana wa kipimapembe.

Darasa likishakomaa, malizia na ndoo. Ndoo ya lita 20 haikosekani shuleni. Ya kwetu ilikuwa na kipenyo cha sentimita 32 mdomoni, 26 kwenye kitako, na kimo 30. Niliwaambia watafute ujazo. Kundi moja lilitumia mdomo kana kwamba ndoo ni mche duara, likapata lita 24. Kundi la pili lilitumia kitako, likapata 16. Walibishana kwa sauti hadi mwalimu wa darasa la jirani akachungulia mlangoni. Kundi la tatu lilichukua nusu kipenyo cha wastani, 14.5, likapata 19.8, likakaa kimya kwa majivuno.

Nikawaambia swali lao ni la zamani. Kuna mafunjo ya Misri yaliyoandikwa takriban miaka 1850 kabla ya Kristo, sasa yako Moscow, yenye piramidi iliyokatwa kichwa: kitako mraba wa 4, juu mraba wa 2, kimo 6. Mwandishi anasema ujazo ni 56. Kundi la tatu likakimbilia wastani wake: upande 3, mara 3, mara 6. 54.

"Mmisri amekosea," akasema mmoja.

Hakukosea. Binti wa kundi la pili akauliza hizo mbili zimekwenda wapi, na kengele ikalia. Kipindi kilichofuata nilikuja na mche mwingine wa sabuni, nikachonga piramidi ile, nikaikata mbele yao kwa kisu wima kufuata mraba wa juu. Katikati ikabaki nguzo ya 2 kwa 2 kwa 6: 24. Ubavuni vikatoka vipande vinne kama kabari, kila kimoja mche pembetatu wa ujazo 6: 24 nyingine. Kwenye kona vikabaki vipiramidi vinne vyembamba, kila kimoja theluthi ya 1 kwa 1 kwa 6, yaani 2. Vinne ni 8. Wakajumlisha wenyewe ubaoni. Kisha yule binti akarudi kwenye hesabu ya wastani, akaikatakata vilevile, na kwenye kona zake akapata 6 tu. Akaviokota vile vipiramidi vinne akaviweka kwenye kiganja. "Zilikuwa humu," akasema.