Jibu: Kipimo cha protini ya maziwa kwa mwenye mzio

Mkuu, umeuliza kama kuna kifaa cha kugundua protini ya maziwa ya ng'ombe kwenye chakula, maana mwanao ana mzio. Vipo, na ndugu yake unamjua: kile kijiti cha kupimia mimba. Utepe wake umepakwa kingamwili zinazoshika protini moja tu. Ikinaswa, mstari wa rangi unatokea. Bayosensa za maabara (vifaa vinavyogundua kitu kwa kutumia molekuli za kibayolojia) hubandika kingamwili hizo, au vipande vya DNA viitwavyo aptama, juu ya elektrodi ya dhahabu, na protini ikinaswa, umeme unaopita hapo unabadilika.

Nyingi hulenga beta-laktoglobulini, protini ya maziwa ya ng'ombe ambayo mwili wa mama wa binadamu hautengenezi kabisa. Sasa balaa: moto huibadilisha umbo, kingamwili inaweza kupishana nayo kama mgeni. Kasini, karibu 80% ya protini za maziwa ya ng'ombe, inavumilia moto zaidi, kwa hiyo kwa biskuti mimi ningetafuta kipimo cha kasini.

Laktosi ni kesi nyingine, ile ni sukari ya maziwa, si protini. Utepe huu hauioni. Na uji mzito uzimue kwanza, la sivyo utepe unaziba (yalinikuta). Hata usipoonyesha mstari, umepima tone lile tu, si sufuria nzima.