Maswali ya Wasomaji: Kubana Video kwa Programu Huria

SWALI: Ndugu Mhariri, nina video nyingi nilizorekodi mwenyewe na diski yangu inakaribia kujaa. Nimeshauriwa nizibane upya kwa umbizo la AV1 kwa kuwa ina programu huria, lakini naona kwamba H.265 na H.266 nazo zina programu huria. Tofauti iko wapi, na nichague ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, umbizo la video ni kanuni tu zinazoeleza jinsi data inavyopangwa ndani ya faili, ilhali programu ndiyo inayofanya kazi yenyewe ya kubana au kufungua, na uhuru wa programu hauna maana kwamba umbizo lenyewe ni huru. H.265, iliyopitishwa mwaka 2013, inabanwa vizuri sana na x265, programu huria yenye leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha. Hata hivyo, umbizo hilo limezungukwa na hataza (haki za kisheria za uvumbuzi) za makampuni mengi yaliyojigawa katika makundi kadhaa ya kutoza ada, na waandishi wa x265 hawawezi kukupa ruhusa ya kutumia hataza ambazo si zao. Hali ni hiyo hiyo kwa H.266 ya mwaka 2020, ingawa taasisi ya Fraunhofer HHI ya Ujerumani imetoa VVenC ya kubana na VVdeC ya kufungua zikiwa na msimbo ulio wazi kabisa.

Mkanganyiko huo wa ada ni miongoni mwa sababu zilizowafanya Google, Mozilla, Netflix, Cisco na wenzao kuunda umoja wa Alliance for Open Media mwaka 2015, na AV1 ikatolewa mwaka 2018 kwa masharti kwamba wanachama hawatozi ada kwa hataza zao zinazohitajika. Wako walio nje ya umoja huo wanaodai haki zao. Sisvel, kampuni inayosimamia hataza, kwa mfano, ilitangaza mpango wa ada mwaka 2019. Pamoja na hayo, naiona AV1 kuwa ndiyo msingi bora kwa yeyote anayetaka kujenga juu yake bila kuomba ruhusa, na ningependa kuona miradi mingi zaidi ikiichagua.

Kwa mahitaji yako ya nyumbani, jambo la kuangalia kwanza ni kifaa kitakachochezea video hizo. Kwenye kompyuta na simu nyingi, AV1 hufunguliwa na programu ya dav1d, kazi ya jumuiya za programu huria za VideoLAN na FFmpeg, ambayo sehemu zake nzito zimeandikwa kwa mkono katika lugha ya asembli, iliyo karibu kabisa na lugha ya kichakataji, ili hata kichakataji kisicho na sakiti maalumu ya AV1 kiweze kumudu, japo betri itaisha mapema zaidi. Televisheni ya zamani haina njia hiyo ya kupitia, na kwake H.264, umbizo lililotangulia H.265, ingali chaguo salama.

Kwa kubana, tumia programu ya SVT-AV1, iliyoanzishwa na Intel pamoja na Netflix, ambayo inapatikana ndani ya programu za kubadili video za FFmpeg na HandBrake. Namba ndogo ya kiwango cha kasi (preset) humaanisha kazi ya polepole na faili dogo zaidi kwa ubora ule ule. Usihamishe namba ya ubora, yaani CRF, kutoka x264, programu ya kubana H.264, kwa sababu vipimo vyake havilingani: 23 ya huko si 23 ya hapa. Kata kipande kifupi chenye maji yanayotiririka, majani yanayopeperushwa au giza, maana hapo ndipo kasoro hujitokeza, kisha kijaribu kwa namba kadhaa. Sauti iache kama ilivyo. Na kwa kuwa kila mbano mpya hupoteza kitu kisichorudi, usifute faili la asili kabla ya kutazama jipya hadi mwisho.

SWALI: Je, kuna faida kubana kwa biti 10 video iliyorekodiwa kwa biti 8?

JIBU: Ipo. Biti zikiwa nyingi, ngazi za rangi huwa nyingi na laini zaidi, na faida huonekana hasa kwenye anga na vivuli, ambako biti 8 huacha michirizi inayoonekana. Katika AV1 biti 10 zimo ndani ya wasifu mkuu, yaani seti ya msingi ya uwezo wa umbizo hilo, hivyo vifaa vinavyoufuata huzifungua bila shida, lakini katika H.264 ni kinyume, kwani sakiti nyingi za kufungulia hazizikubali.