Sote ni kundi O, mbona figo yangu imekataliwa?

SWALI: Shikamoo Mama. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mke wangu anasafishwa damu kila wiki, nami nimejitolea kumpa figo moja. Sote ni kundi O, afya yangu safi. Mwishoni wakachanganya damu zetu maabara, wakasema hatuendani. Tuna watoto wanne. Mama mkwe anadhani nimeogopa kisu. Shida iko wapi?
Baba wa Wanne, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Kipimo hicho nimekifanya miaka mingi. Tunaweka seli zako nyeupe kwenye kisahani, tunatia majimaji ya damu ya mkeo, kisha rangi. Seli iliyo hai huikataa rangi na kung'aa; iliyouawa huvimba na kuinywa. Nikiona zimeinywa, moyo huniuma, kwa sababu najua kuna mtu kama wewe anayesubiri pale nje.

Kundi la damu ni mlango wa kwanza tu. Kuna alama nyingine za seli ziitwazo HLA, ambazo mwili huzitumia kujua kipi ni chake na kipi ni kigeni. Seli nyekundu karibu hazina, ila zimejaa kwenye seli zilizotandika mishipa ya damu kwa ndani, na figo imesukwa kwa vishipa. Siku ya kupandikiza, daktari akifungua vibanio vya mishipa, damu ya mkeo inakutana kwanza na seli zako hizo. Ikiwa na kingamwili, yaani askari wa damu, dhidi ya alama zako, inazishambulia, inaganda humo humo, na figo iliyokuwa na rangi ya waridi inaweza kugeuka nyeusi kabla jeraha halijashonwa. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki wa Marekani walieleza wagonjwa 30 waliopandikizwa ingawa kipimo kilikataa: figo 24 zilikufa mara moja.

Mkeo kingamwili hizo kazitoa wapi? Nadhani kwa watoto wenu. Kila mtoto amebeba nusu ya alama zako, na seli zake chache huingia katika damu ya mama, hasa wakati wa kujifungua; mwili wa mama ukiziona ngeni, huunda kingamwili dhidi ya alama hizo. Si kila mama hupatwa na hili, lakini mimba nne si chache. Hukuogopa kisu, mwanangu. Mama mkwe na asome hapa.

Sasa waite ndugu za mkeo wa baba na mama mmoja. Kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye kabisa kwa alama za HLA. Na mkeo akiandikiwa kuongezewa damu, muulizeni daktari kama kuna njia nyingine, maana damu ya kuongezewa nayo huweza kumzidishia kingamwili.