Wauguzi wanauliza: kiuno, shingo na zamu

Nakunja magoti na kunyoosha mgongo nikimnyanyua mgonjwa, kama nilivyofundishwa chuoni. Mbona kiuno bado kinauma?

Dada, mbinu hiyo inafaa kwa maboksi. Mgonjwa hana pa kushikia, na akishtuka anakudaka shingo. Wataalamu wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, wanapendekeza muuguzi asibebe zaidi ya kilo 16 hivi za mwili wa mgonjwa. Mguu mmoja wa mtu wa kilo 100 peke yake unakaribia hapo. Kwa hiyo usinyanyue, telezesha.

Mgonjwa akiwa ameporomoka kitandani, funga breki na ushushe kichwa cha kitanda (mwenye shida ya kupumua asilazwe chali bila ushauri). Mlazeni juu ya shuka lililokunjwa, lianzie mabegani hadi mapajani. Simameni wawili, mmoja kila upande, mshike shuka karibu kabisa na mwili wake, hesabuni, kisha hamisheni uzito wenu kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Anayeweza akunje magoti naye asukume. Wengi huvuta huku kichwa cha kitanda kiko juu, yaani wanavuta kupanda mlima. Ukimaliza, weka mto chini ya mapaja kwanza ndipo uinue kichwa. Ukianza na kichwa, ataporomoka tena.

Vitanda vyetu ni vya chuma, vifupi, havipandi. Kuweka dripu kunaniua shingo.

Vuta stuli ukae, mkono wa mgonjwa uulaze juu ya mto, trei iwe upande wa mkono unaotumia. Kukaa si uvivu, hata mkuu wa wodi akikunja uso.

Mkanda wa kiuno unasaidia?

Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba unazuia maumivu. Okoa hela yako.

Nameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila zamu ya usiku. Kuna ubaya?

Upo: vidonda vya tumbo, presha kupanda, figo kuumia. Mjamzito asiitumie bila daktari. Na kiuno kikiuma kisha ukapata ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au kukutoka bila kujua, au mguu kulegea, nenda dharura saa hiyohiyo.

Ukiumia kazini, mjulishe msimamizi na uandike kwenye kitabu cha matukio siku hiyohiyo: saa, kitanda, ulikuwa unafanya nini. Kwa Tanzania, madai ya fidia huenda WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), na bila kumbukumbu hiyo utapata shida kuthibitisha kwamba uliumia wodini.