Sabuni ya bakteria kwenye kisima cha mafuta: majibu kwa maswali yenu

Shikamoo Mwalimu. Nasikia kisima kikiachwa, mafuta mengi bado yamo chini. Yanazuiwa na nini?

Marahaba. Umesikia sawa. Shinikizo la asili likipungua, maji husukumwa ardhini ili yafukuze mafuta, na hata hapo mara nyingi zaidi ya nusu hubaki. Mafuta hayakukaa kama maji ndani ya tangi. Yamo kwenye vitundu vya mwamba, vingine vyembamba kuliko unywele. Tone likinasa kwenye shingo ya kitundu, maji hulizunguka na kwenda zake, kwa sababu mpaka wa mafuta na maji umejikaza kama ngozi ya ngoma. Tone haliwezi kujinyoosha likapenya.

Bayosafaktanti inaingilia wapi?

Hapo hapo mpakani. Ni sabuni iliyotengenezwa na vijidudu: kichwa chake hupenda maji, mkia hupenda mafuta, nayo hujipanga mpakani na kuulegeza. Zinazotajwa sana ni ramnolipidi ya Pseudomonas aeruginosa na safaktini ya Bacillus subtilis.

Ukitaka kuiona kazi yake, paka mafuta kidogo kwenye kisahani. Dondosha maji matupu: tone linasimama kama shanga. Sasa dondosha maji walimokulia bakteria hao: tone linalegea na kutandazika mbele ya macho yako. Kila nikilifanya jaribio hili nafurahi upya.

Lakini naomba tusidanganyane. Safaktini hushusha mvutano wa uso wa maji, yaani kule kujikaza kwake, kutoka milinyutoni 72 kwa mita hadi karibu 27, na tarakimu hiyo hutangazwa kana kwamba kazi imekwisha. Huo ni mvutano kati ya maji na hewa. Mwambani shida ni kati ya maji na mafuta, na ili tone lililonasa lichomoke, mvutano huo unatakiwa kushuka maelfu ya mara. Bayosafaktanti nyingi hazifiki huko peke yake. Ndiyo maana huchanganywa na safaktanti nyingine (kemikali za aina ya sabuni), alkali au polima (molekuli ndefu zinazoyafanya maji yawe mazito). Anayekuuzia ramnolipidi akupe kipimo cha mvutano kati ya mafuta na maji, kwa chumvi na joto la kisima chako.

Je, si rahisi zaidi kuwalisha bakteria huko huko chini, waitengeneze humo humo?

Ni rahisi kwa gharama: unashusha molasi na nitrati, wao wanafanya kazi. Ila joto likipita nyuzi 80 hivi, wengi hawaishi. Wakiota kupita kiasi karibu na kisima, wanaziba njia. Na ukiwaamsha wale wanaokula salfeti, watakuzalishia hidrojeni salfaidi, gesi inayoua watu na kula mabomba. Kuitengeneza juu ya ardhi kunakupa udhibiti, lakini povu hufurika kwenye tangi la kukuzia, na kusafisha bidhaa ni ghali. Kwa bahati, kisima hakihitaji usafi wa dawa.

Pseudomonas aeruginosa si mdudu wa magonjwa?

Ndiyo, hushambulia vidonda vya moto na mapafu dhaifu. Bidhaa lazima itenganishwe na bakteria hai. Watafiti wengine wamehamishia jeni zake za kutengeneza ramnolipidi kwa Pseudomonas putida, ambaye ni mpole zaidi.

Je, bayosafaktanti huoza haraka?

Haraka, na mazingira yananufaika. Mwambani ni hasara: vijidudu wenyeji huila kabla haijafika kwenye mafuta.