Siku Isiyo na Tukio

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na swali lako nimelisoma nikalirudia: uache kazi urudi nyumbani tusaidiane kumwangalia bibi yako, au ubaki huko? Nitalifikia. Kwanza nikusimulie Jumamosi iliyopita.

Asubuhi nilikuwa namkata bibi yako kucha za miguu. Uzeeni kucha huwa nene na ngumu, kwa hiyo miguu hulowekwa kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na kazi yenyewe haitaki haraka. Amenishika bega, ananielekeza pa kukata. Mara wakaingia rafiki zangu wawili, yule mrefu na mwenzake mwenye sauti nzito. Hawakuwa na shida yoyote, walipita tu kutujulia hali.

Unamkumbuka yule mgeni kwenye msiba wa babu yako, aliyesimama mbele ya bibi yako akaniuliza mimi, "Anapata usingizi?" Mwenye usingizi amekaa palepale! Miaka imepita na neno lile bado linanichoma. Bibi yako akainamisha uso, yeye ambaye alikuwa akikohoa tu ukoo mzima unanyamaza.

Sasa Jumamosi, huyu mwenye sauti nzito alivuta kiti wakatazamana, akamuuliza mwenyewe, taratibu: "Mama, unalala vizuri?" Masikio ya uzee aghalabu hupoteza kwanza sauti nyembamba, ndiyo maana kumpigia kelele hakumsaidii, ila sauti nzito isiyo na papara humfikia. Alisikia kila neno. Akamkazia macho, akamwambia, "Nalala kuliko wewe. Mbona macho mekundu?" Tulicheka sote, naye akacheka hadi akapiga mguu maji yakamwagika, nami nimepiga magoti hapo na mkasi mkononi, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Nimekuambia tangu u mdogo: siku ya kawaida ni neema, tusingoje sherehe ndipo tushukuru. Utasema, Baba, hayo ni rahisi kuyasema watu wanapocheka. Ni kweli. Kuna usiku ananiita kila nikianza kusinzia, na shukrani siioni. Labda basi neema ni wale rafiki, si siku yenyewe. Lakini hapana, wao waliondoka mapema, na usiku nilipomfunika shuka furaha ilikuwa bado ninayo. Siku ya kawaida ni neema, sitaacha kulisema.

Haya, kazi yako. Jibu ninalo, limenijaa mdomoni tangu nianze kuandika. Nikilitoa utalitii, na jambo hili nataka uliamue wewe. Basi nalimeza, kwa shida. Ila ukiamua kuja, niambie mimi kabla hujamwambia bibi yako, maana akishajua atashinda mlangoni kila siku akikungoja, na kumtoa pale sitaweza.

Baba yako